Saa Kumi na Moja Ipi?



Alhamisi iliyopita jioni, nilipokuwa nafunga dirisha la ofisi ya parokia, alinijia mzee mmoja wa kigango cha mbali, jasho lamtiririka. Alitaka cheti cha ubatizo cha binti yake. Nikamwuliza, "Cha kazi gani, baba?" Akasema, "Cha ndoa. Anafungia Kahama." "Siku gani?" "Jumamosi hii, asubuhi. Padre wa huko amekataa kuwafungisha bila karatasi."

Basi nikafungua tena kabati, nikatafuta kitabu cha mwaka aliobatizwa binti, nikaandika, nikaenda kumtafuta Padre atie sahihi na muhuri. Ilipokwisha kazi hiyo giza lilikuwa limeingia. Mzee akapanda pikipiki, akaenda zake.

Mzee yule si mvivu. Mngeliona shamba lake la mihogo mngestaajabu. Tena habari ya arusi aliijua tangu Pasaka. Kosa lake lilikuwa moja tu: aliihesabu safari kuanzia siku ya kuondoka. Nauli alikuwa nayo, shati jeupe lilikwisha pigwa pasi, mbuzi alikwisha tangulizwa. Karatasi aliikumbuka alipokumbushwa.

Lakini mimi sina haki ya kumcheka, maana nimefanya vibaya kuliko yeye, nami nimepita chuo cha ualimu. Leo nitawasimulieni, ijapokuwa naona haya.

Ilikuwa mwaka 2022, wakati wa masika. Mama yangu alikuwa akilalamika kwamba haoni vizuri pembeni. Akitembea anagonga mlango kwa bega, akimimina chai anamwaga nje ya kikombe. Hospitali yetu ya hapa ikampima, ikasema huenda ni presha ya macho, ikampa barua ya rufaa kwenda kwa daktari wa macho huko Mwanza. Siku ya kliniki ilikuwa Jumanne. Sisi twakaa upande wa Biharamulo, ndani kidogo ya barabara kuu, na wakati ule safari ya kwenda Mwanza kwa kupitia Geita na Sengerema ilikuwa ya siku nzima, maana kule Busisi lazima kungoja pantoni.

Jumamosi nikaenda mjini kukata tiketi mbili za Jumatatu. Kijana wa tiketi alikuwa na watu wengi dirishani, akaandika upesi upesi: tarehe, namba za viti, na mahali pa saa akaandika "11:00". Hakuandika asubuhi wala alfajiri. Nami sikuuliza. Kwa nini nisiulize? Kwa sababu nilijiona msomi. Chuoni ratiba zetu zote ziliandikwa kwa saa za Kiingereza, na 11:00 kwa hesabu hiyo ni saa tano asubuhi. Nikaitia tiketi mfukoni, nikarudi nyumbani, nikamwambia mama, "Tunaondoka saa tano, tutakuwa na nafasi ya kunywa chai."

Mama hajui kusoma. Akanyamaza kidogo, akasema, "Mwanangu, ni gari gani la Mwanza liondokalo saa tano? Mimi tangu nihamie hapa nasikia honi yake kabla ya jogoo wa pili." Nikamwonyesha tiketi, kana kwamba ataisoma. Akasema, "Haya, wewe ndiye mwenye macho."

Jumatatu tulifika stendi saa nne asubuhi. Nilikuwa na furaha, nimewahi saa nzima! Nikamketisha mama kwenye benchi, nikamnunulia andazi, nikaenda kuuliza gari letu litasimama upande gani. Wale vijana wakanitazama, kisha wakatazamana. Gari liliondoka saa kumi na moja alfajiri. Tuliwahi saa moja, tukachelewa saa tano.

Yaliyofuata nitayapita haraka. Tiketi haikurudishwa. Tukapata gari dogo hadi Geita, tukafika jioni, magari ya mbele yamekwisha. Tukalala stendi, mama juu ya kitenge, mimi nimeketi nalinda mizigo. Asubuhi tukapata basi, tukafika Busisi tukakuta msururu wa magari yakingoja pantoni. Hospitalini tuliingia saa saba mchana. Kitabu cha wagonjwa wa siku ile kilikwisha fungwa tangu asubuhi, maana daktari ni mmoja na watu ni wengi. Wakatupa tarehe nyingine, baada ya majuma matano.

Tuliporudi baada ya majuma matano, daktari alimtazama mama kwa muda mrefu. Akatueleza kwamba presha ya macho huua mshipa wa kuonea polepole, bila maumivu, na kile kilichokwisha kufa hakirudi. Dawa hulinda kilichobaki tu. Jicho la kulia lingali na nuru. La kushoto lilikuwa limezimika. Nikamfuata daktari nje ya chumba, nikamwuliza kama ile tarehe ya kwanza ingelisaidia. Alisema hawezi kujua, huenda jicho lile lilikuwa limekwisha haribika tangu kabla. Alisema kwa upole. Nami tangu siku ile nakaa na neno lile "huenda".

Basi, wasomaji wapenzi, ndiyo sababu naandika habari hii, wala si kwa sababu napenda kuwafundisha watu wazima kupanda basi.

Kwanza, hesabu. Wengi wetu tukitaka kusafiri twaanza kuhesabu tangu jogoo awike: nitaamka, nitaoga, nitakwenda barabarani, Mungu akipenda nitafika. Yafaa kuanza upande wa pili, yaani saa ile unayotakiwa kuwapo, kisha urudi nyuma hatua kwa hatua. Chukueni safari yetu ile. Kliniki yaandika watu Jumanne kuanzia saa moja asubuhi, kwa hiyo mgonjwa hana budi kuwa mlangoni saa kumi na mbili. Hawezi kuwa mlangoni saa hiyo kama hakulala Mwanza. Ili alale Mwanza, apande gari la Jumatatu. Gari laondoka saa kumi na moja alfajiri, awe stendi saa kumi na nusu. Kutoka kwetu hadi stendi ni mwendo wa saa nzima kwa pikipiki wakati wa kiangazi, na wakati wa mvua tia saa mbili. Maana yake aondoke nyumbani saa nane na nusu usiku. Sasa niambieni, nani atampakia mama wa miaka sitini na tano kwenye pikipiki saa nane na nusu usiku, njia ina utelezi na madimbwi?

Kwa hiyo hana budi kulala mjini Jumapili. Kumbe aondoke kijijini Jumapili mchana, baada ya Misa na chakula. Mwenyeji wa kumlaza mjini apelekewe habari Ijumaa, asije akakuta kufuli mlangoni. Barua ya rufaa ichukuliwe kabla ya Ijumaa kwisha, maana Jumamosi na Jumapili mwenye muhuri huenda hayupo. Na kama fedha zitatoka kwa kuuza debe mbili za maharage, mnunuzi hapatikani siku moja. Aanze kutafutwa Jumatano. Mwaona? Safari ya Jumanne imeanza Jumatano ya juma lililotangulia. Nilipofanya hesabu hii safari ya pili, mama alicheka akasema nimekuwa kama mpika pombe, ambaye hujua siku ya kuloweka mtama kwa kutazama siku ya karamu. Naam, ndivyo hivyo hasa. Akina mama hesabu hii mwaijua toka zamani. Ni sisi wanaume tuipotezayo tukishika tiketi.

Sasa habari ya saa zenyewe. Sisi twahesabu saa kutoka mapambazuko na machweo: jua likichomoza twaanza moja, likizama twaanza moja tena. Wazungu huanza katikati ya usiku. Hesabu zote mbili ni nzuri, ila zikikutana juu ya kipande kimoja cha karatasi huzaa matata. Siku hizi tiketi nyingi hutoka katika mashine, au huja kwa simu, nazo huandikwa kwa hesabu ya kizungu ya saa 24. Lakini kijana wa dirishani akiandika kwa kalamu yake huandika kwa hesabu yetu. Mashine ikiandika 06:00, ni saa kumi na mbili asubuhi. Kijana akiandika 12:00 asubuhi, ni saa ile ile. Na akiandika 11:00 bila neno lingine, hakuna ajuaye ila yeye.

Kanuni ya kugeuza saa za mashine ni hii, nayo watoto wa darasa la nne waweza kuwafanyieni. Namba ikiwa chini ya 7, ongeza 6. Ikiwa 7 au zaidi, toa 6. Na kama kinachobaki kinapita 12, toa 12 tena. Kwa hiyo 05:00 ni kumi na moja alfajiri. 09:00 ni tatu asubuhi. 13:00 ni saba mchana. 20:00, toa 6, yabaki 14, toa 12, yabaki 2: saa mbili usiku. Lakini hata ukijua kanuni, bado uliza kwa mdomo, tena uliza kwa maneno: "Ni alfajiri, asubuhi, mchana au usiku?" Kisha umwombe mwandishi aliandike neno lile mbele ya macho yako. Akikunja uso, mwache akunje.

Kuna mtego mwingine mkubwa kuliko huo, nao ni wa tarehe. Tangu mwaka 2023 mabasi ya mbali yameruhusiwa tena kusafiri usiku, baada ya marufuku ya miaka mingi, na tiketi za usiku zimekuwa nyingi. Tiketi ikisema Jumanne 00:30, ni saa sita na nusu ya usiku, lakini ni usiku gani? Ni usiku wa kuamkia Jumanne. Yaani Jumatatu ukimaliza kula chakula cha jioni usivue viatu, nenda stendi! Wako watu waliolala Jumatatu kwa raha, wakashinda Jumanne wakifunga mizigo, wakafika stendi Jumanne usiku, kumbe gari lao lilikwisha fika liendako tangu asubuhi. Wazee wetu wasingalikosea hapa, kwa kuwa kwao siku mpya ilianza jua likizama. Usiku ulitangulia mchana. Ndiyo sababu hata Kanisani, Misa ya Jumamosi jioni ni ya Dominika. Ila vijana wetu wakisema "Jumanne usiku" wataka kusema usiku unaofuata mchana wa Jumanne, na mashine haisemi lolote, yaandika namba tu. Basi ninyi semeni "usiku wa kuamkia Jumanne", na maneno yatakuwa yamekwisha.

Sisi wa magharibi tuna shida zetu mbili zaidi, ambazo watu wa pwani hawazijui. Ya kwanza ni jua. Tanzania nzima yatumia saa moja, lakini jua halijui hilo. Huku Biharamulo jua huchomoza kama nusu saa baada ya kuchomoza Dar es Salaam. Ndugu yangu aliyekulia Dar hushangaa kila akija: saa kumi na mbili na nusu, na kuku bado wako juu ya kichanja. Kwa hiyo anayengoja kupambazuke ndipo atoke, huku kwetu amekwisha chelewa. Gari la saa kumi na mbili ni gari la gizani.

Shida ya pili ni simu. Rwanda na Burundi saa zao ziko nyuma ya zetu kwa saa moja, na vivyo hivyo upande wa mashariki wa Kongo. Kenya na Uganda twalingana nao. Sasa simu iliyowekwa ijipange saa yenyewe, ikiwa Ngara au mahali po pote karibu na mpaka, yaweza kushika mnara wa ng'ambo. Ikiushika, yarudisha saa nyuma bila kukuuliza. Jamaa mmoja wa huko alitegesha simu imwamshe saa kumi alfajiri. Ikaamka saa kumi za Kigali, ambazo kwetu ni saa kumi na moja. Alipofika barabarani alikuta vumbi la basi. Alinunua saa ya mkono ya bei rahisi, na kila jioni huilinganisha na redio. Njia nyingine ni kumwomba kijana anayejua simu akuzimie ile kazi ya kujipanga yenyewe. Na kama wavuka Rusumo kwenda Kigali kumwona mtu ofisini, kumbuka utafika kwao mapema kwa saa moja. Huko hakuna hasara. Hasara iko wakati wa kurudi.

Habari ya njia sitasema sana, kila mtu aijua njia yake na mto wake. Ila neno juu ya daraja. Tangu Juni 2025, lile daraja refu la Kigongo hadi Busisi, lenye urefu wa kilometa 3 hivi juu ya maji ya Ziwa Viktoria, limefunguliwa, na pantoni haituchelewi tena pale. Hii ni neema kubwa, mimi nililivuka mara ya kwanza nikiwa na mama, nikamwambia tazama upande wako wa kulia, akatazama, akasema, "Yale majuma matano yangelikuwa juu ya daraja hili." Lakini nimeona watu wanaanza kuharibika. Saa ile waliyookoa kwa pantoni wameihamishia kitandani. Hawakumbuki kwamba kuvuka ziwa si kufika Mwanza, na kufika Mwanza si kufika mlangoni mwa daktari. Magari ya mjini asubuhi huenda kwa mwendo wa kobe.

Na wanaokwenda Dar es Salaam wasiseme watashukia Ubungo kama zamani. Kituo kikuu cha mabasi ya mikoani kilihamia Mbezi mwaka 2021. Mwambieni hivyo yule anayekuja kuwapokea, msije mkasimama vituo viwili mkitafutana. Wengine siku hizi hushuka Dodoma, wakapanda treni ya umeme, iliyoanza kwenda kati ya Dodoma na Dar mwaka 2024. Ni nzuri na ya haraka. Lakini usafiri huo si kama basi la kijijini ambalo utingo akikuona kwa mbali hupiga bodi gari likasimama. Muda wake ukifika, hata ukipunga leso, halikuoni.

Naona ukurasa wangu unakaribia kujaa, na bado sijasema juu ya karatasi. Nitasema moja tu, kwa kuwa ndiyo ya ofisi yangu. Vyeti vya ubatizo, barua za utambulisho, habari za ndoa, njooni kuvitaka siku ile ile mnapopata habari ya safari, si siku ya safari. Padre huenda vigangoni, mara nyingine juma zima, na muhuri haupigwi na mkono mwingine. Kitabu cha ubatizo cha miaka ya nyuma kimeliwa pembe na mchwa. Kukisoma kwahitaji mwanga wa mchana na subira. Wenye kadi za bima, watazame kama bado zinafanya kazi. Wenye barua za rufaa, wazitie ndani ya mfuko wa nailoni, maana mvua ya kwetu haichagui.

Mama ana kliniki tena mwezi ujao. Jana niliporudi kutoka mjini na tiketi, alikuwa uani anachambua maharage kwa jicho lake moja, vidole vinafanya kazi ya jicho la pili. Hakuinua kichwa. Akasema, "Umemwuliza?" Nikasema, "Nimemwuliza, mama." "Kasema saa kumi na moja ipi?" Nikasema, "Ya alfajiri, mama, na neno lenyewe ameliandika." Akanyosha mkono, akaichukua tiketi, akaisogeza karibu na uso wake upande wa kulia, akaitazama kwa muda kama mtu asomaye. Kisha akaifunga katika pindo la kanga yake, wala hakunirudishia.